Zamu ya Sala: Habari za Herrnhut na za Unyamwezi

Watu wa Igalula wanaijua njia kuu ya zamani. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka wa 1912, mali ya bara na ya pwani ilipita juu ya mabega ya watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Yaani safari ya siku zaidi ya 130. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuufikisha mzigo kwa nguvu za siku moja. Aliufikisha kwa kuamka kila alfajiri, kujitwika, kumfuata kirangozi, na kutua kambini pamoja na wenzake. Mwenye mbio za asubuhi ya kwanza tu hakufika.

Na sala ya pamoja ni vivyo hivyo. Vikundi vingi vya sala huanza kwa shangwe, navyo hufa mvua ya kwanza inyeshapo na watu washikapo majembe. Lakini kiko kimoja kilichodumu zaidi ya miaka 100, na habari zake zinatuhusu sisi wa Unyamwezi.

Mwaka wa 1722 wakimbizi wa Moravia, walioudhiwa kwa ajili ya imani yao, walianza kujenga kijiji katika shamba la Bwana Zinzendorf, nchi ya Saxony, Ujerumani. Wakakiita Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana. Watu wa madhehebu mengine wakajiunga nao, na mara wakaanza kugombana juu ya mafundisho na desturi, hata kijiji kikawa karibu kuvunjika. Zinzendorf akaenda nyumba kwa nyumba akisema nao, na tarehe 12 Mei 1727 wakakubali maagano ya kukaa pamoja. Tarehe 13 Agosti wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakapatana kweli kweli.

Ndugu wasomaji, yaangalieni waliyoyafanya baada ya hapo. Furaha ya siku ile hawakuiacha ijilinde yenyewe. Tarehe 27 Agosti, majuma mawili tu baadaye, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kwamba isipite saa moja ya mchana wala ya usiku pasipo mtu wa kuomba. Wakazigawanya saa hizo, na kila mmoja akashika yake. Tena wakawa wakikutana kila juma wapate kuambiana mambo ya kuombewa. Waliukumbuka moto wa madhabahu katika Mambo ya Walawi, sura ya 6, ambao haukuruhusiwa kuzimika. Waliokufa waliwaachia wengine saa zao, na zamu ikaendelea.

Sala hiyo haikuwafungia ndani ya kijiji chao. Mwaka wa 1732 Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walitoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa. Waliofuata walikwenda nchi nyingi, hata mwaka wa 1891 wakafika Rungwe, na mwaka wa 1898 Urambo.

Urambo ilikuwa imekwisha kuonja machozi. Daktari Southon, wa misioni ya London, alifika kwa Mtemi Mirambo mwaka wa 1879, akafa huko mwaka wa 1882. Wenzake walivumilia miaka mingi, lakini mavuno yalikuwa haba, hata wakawakabidhi Wamoravian kazi hiyo. Baadaye vituo vikafunguliwa Kitunda, Sikonge na kwingineko.

Kisha ikaja Vita Kuu. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Wazee, walimu na Wakristo wa kawaida ndio waliobaki na mzigo. Kama sala ingalikuwa kazi ya mgeni peke yake, ingaliondoka pamoja naye. Lakini Kanisa halikufa katika Unyamwezi.

Labda mtu atasema, "Sala ya kupangiwa saa ni sheria tu, Roho haendi kwa saa." Neno hili lina sura ya kweli, lakini tuyachunguze Maandiko. Danieli aliomba mara tatu kila siku, hata ilipokuwa hatari kuomba. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya sala, na katika kwenda huko wakamkuta kiwete aliyekaa mlangoni. Saa haimfungi Roho, humfunga mvivu aliye ndani yetu, yule asemaye, "Nitaomba moyo utakapokuwa mwepesi."

Basi tufanyeje? Tusianze kwa makubwa. Watu saba wakiwa kijijini, kila mmoja na ashike siku yake, hata siku ya kulima, na wote wakutane mara moja kwa juma. Hapo majina yatajwe: mgonjwa, mjane, kijana aliyekwenda mbali kutafuta kazi, na wawili wasiosalimiana. Aliyetajwa na atembelewe, maana sala isiyojua mlango wa jirani ni maneno matupu. Asafiriye na amwachie mwenzake zamu yake, wala asiondoke kimya. Na ikiwa kuna ugomvi, tupatane kwanza kama wale wa Herrnhut, kwa maana walipatana mwezi wa Agosti kabla ya kugawana saa.

Katika nyumba fulani yuko mama aliyelala mgonjwa mwezi wa pili sasa. Yeye hataulizia tuliimba kwa sauti kuu namna gani siku ya kwanza. Atataka kujua kama juma hili jina lake limetajwa, na ni nani atakayekuja.