Mstari Kati ya Deni na Mtaji

Mtu akiweka fedha zake katika benki ya kawaida, benki inadaiwa: ipate faida, ikose, lazima irudishe. Akiziweka kwa mudharaba, yeye ni mwenye mali na benki ni mtendaji. Faida wanagawana kwa fungu walilopatana. Ikitokea hasara bila uzembe wa benki, mwenye mali ndiye anayeibeba, na benki inapoteza jasho lake. Mhasibu aziandike wapi fedha hizo? Si deni, maana benki haikuahidi kuzirudisha kamili. Si mtaji, maana mwenyewe hana kura katika mkutano wa wenye hisa.

Kuandika hesabu hakukuwa jambo geni kwa Waislamu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, mbele ya mashahidi. Khalifa Umar bin Khattab alianzisha diwani, daftari la wanaostahili kulipwa na hazina. Karne ya 14 al-Mazandarani aliandika kwa Kiajemi Risala-yi Falakiyya, akieleza jinsi madaftari ya hazina yalivyotunzwa chini ya Wailkhan, watawala wa Kimongolia wa Uajemi. Ni zaidi ya miaka 100 kabla Luca Pacioli hajachapisha Venice, mwaka 1494, kitabu chake kilichoeleza uandishi wa pande mbili, yaani kila muamala kuandikwa mara mbili. Wapo wanaodai kwa hilo kwamba Waislamu ndio waliobuni uandishi huo. Siuoni ushahidi wa kutosha, wala kazi ya al-Mazandarani haihitaji sifa ya kuazima. Yeye alihudumia hazina ya dola, iliyotaka kujua kodi ipi imeingia na nani bado anadaiwa.

Benki za Kiislamu za zama zetu zilianzia kwenye madaftari ya namna nyingine. Mwaka 1963 Ahmad El-Naggar, aliyesoma Ujerumani na kuzijua benki za akiba za huko, alifungua benki ya akiba katika mji wa Mit Ghamr, Misri. Mwaka 1975 ikaja Dubai Islamic Bank, na nyingine zikafuata. Kila moja iliziweka fedha za mudharaba ilipoona panafaa, hata hesabu za benki mbili zikawa hazilinganishiki.

Ndipo Februari 1990 taasisi za fedha za Kiislamu zilipotia saini makubaliano mjini Algiers, na mwaka uliofuata likasajiliwa Bahrain shirika la viwango vya uhasibu wa taasisi hizo, linalojulikana leo kama AAOIFI. Viwango vyake vya mwanzo, vya mwaka 1993, vilizipa fedha hizo nafasi yake katika mizania, kati ya madeni na mtaji. Vilitaka pia taarifa ya mfuko wa zaka, ya mfuko wa mkopo mwema, na maelezo ya mapato ya haramu yaliyoingia na yalikopelekwa. Baadaye hata kalenda ilizingatiwa: zaka ni asilimia 2.5 kwa mwaka wa mwezi mwandamo, lakini benki inayofunga hesabu kwa mwaka wa jua, mrefu kwa siku kama 11, hukokotoa asilimia 2.5775.

Kwetu, Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka 2008, na Amana Bank Tanzania mwaka 2011. Nchi zote mbili zinafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu vya IFRS, ambavyo havina mstari wa katikati: kitu ni deni au ni mtaji. Kwa hiyo fedha za mudharaba kwa kawaida huingia kwenye amana za wateja, na tofauti yake hubaki katika maelezo ya nyuma ambayo wachache huyafikia.

Naona hilo halitoshi. Mwenye akiba aliyekubali kubeba hasara ana haki ya kuona, katika ukurasa uleule wa mizania, ni kiasi gani kimewekwa kwa sharti hilo na faida yake iligawanywa kwa fungu lipi. Benki kuu zetu zinaweza kuagiza hivyo bila kuviacha viwango vya kimataifa.