Mwenyeji Kabla ya Mgeni: Timu za Umisheni kutoka Ng'ambo na Ushahidi wa Buganda, 1875–1890

Mjadala juu ya safari fupi za umisheni, yaani ziara za siku chache hadi majuma machache ambazo vikundi vya Wakristo hufanya katika nchi za ng'ambo ili kuhubiri, kutibu, kufundisha au kujenga, umegawanya wanazuoni katika kambi mbili zinazoshambuliana, lakini kambi hizo zinakubaliana juu ya jambo moja ambalo hazijalihoji. Watetezi wa safari hizo hudai kwamba faida yake kubwa ni kumbadilisha msafiri, ambaye hurejea kwao akiwa mkarimu zaidi na mwenye imani pana zaidi, na wapinzani wake hudai kwamba msafiri hakai muda wa kutosha kuleta manufaa yoyote ya kudumu. Pande zote mbili zimemfanya mgeni kuwa kipimo, tofauti ikiwa tu kwamba upande mmoja hupima moyo wake na mwingine huhesabu siku zake. Makala hii inadai kwamba kipimo hicho kimewekwa mahali pasipostahili. Kinachoamua matokeo ya timu ya umisheni ni mtu aliyekuwapo kabla timu haijafika na atakayebaki baada ya timu kuondoka, na ushahidi wa jambo hilo huonekana vizuri zaidi katika vipindi ambapo wageni hawakuwapo kabisa.

Kuhusu ukubwa wa suala lenyewe hakuna ubishi mkubwa. Mwanasosholojia Robert Wuthnow, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu makanisa ya Marekani na uhusiano wake na dunia, alikadiria kwamba Wakristo wa Marekani wapatao milioni 1.6 hufanya safari za namna hii nje ya nchi yao kila mwaka, na Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozipokea. Ubishi unaanzia katika thamani ya safari hizo. Utafiti uliotikisa zaidi hoja ya mabadiliko ya msafiri ni ule wa Kurt Ver Beek, uliochapishwa mwaka 2006, juu ya ujenzi wa nyumba nchini Honduras baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Ver Beek hakuridhika na ushuhuda wa wasafiri peke yake, bali alizihoji pia familia zilizopewa nyumba, na hakupata tofauti ya maana kati ya familia ambazo nyumba zao zilijengwa na vikundi kutoka Amerika ya Kaskazini na zile ambazo nyumba zao zilijengwa na mafundi wa Honduras, ingawa gharama ya kusafirisha kikundi kimoja ilizidi mara nyingi gharama ya nyumba yenyewe. Hata ukarimu ambao wasafiri walisema umeongezeka ndani yao haukujitokeza kwa kiwango hicho katika kumbukumbu za michango.

Pamoja na nguvu zake, utafiti huo ulisomwa vibaya na wengi walioutumia. Ulichukuliwa kuwa hukumu dhidi ya ufupi wa safari, na kutokana nao likajengwa pendekezo kwamba makanisa yarudi katika mfano wa wamisionari wa karne ya 19 waliokwenda kukaa maisha yao yote. Pendekezo hilo linasadikika kirahisi kwa sababu picha ya mmisionari wa zamani aliyezikwa alikofanyia kazi ina heshima yake, na heshima hiyo ni ya haki. Hata hivyo kumbukumbu za Afrika Mashariki haziliungi mkono.

Chukuliwe mfano wa timu iliyotumwa Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, na Church Missionary Society (CMS), chama cha umisheni cha Kianglikana cha Uingereza. Mwezi wa Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley iliyosema kwamba Kabaka Muteesa wa Kwanza alitaka walimu wa Kikristo, na katika siku chache mfadhili ambaye hakutaja jina lake aliahidi pauni 5,000. Kufikia mwaka uliofuata timu ya wanaume wanane ilikuwa imeondoka Uingereza: kiongozi wao, Shergold Smith, alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la majini, na pamoja naye walikuwamo kasisi, daktari, msanifu majengo, mafundi, na mhandisi kijana wa Kiskoti aliyeitwa Alexander Mackay. Hakuna aliyeisukuma timu hii kwenda kwa majuma machache, kwa kuwa nia yao ilikuwa kukaa. Lakini fundi mmoja alifariki Zanzibar kabla hata safari ya bara haijaanza, wawili walirudishwa Uingereza kwa ugonjwa, daktari alifariki kusini mwa Ziwa Viktoria, na mwezi wa Desemba 1877 Smith na msanifu majengo, O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusisha mfanyabiashara Songoro na mtemi Lukonge. Kasisi C. T. Wilson ndiye aliyebaki Buganda, na Mackay, ambaye maradhi yalimrudisha pwani akiwa njiani, alifika huko Novemba 1878. Kwa kipimo cha siku ambazo wageni walikaa, timu ya 1876 ilikuwa safari fupi kwa wengi wa wanachama wake, na iliyogharimu sana.

Swali la kihistoria, basi, ni kwa nini kazi hiyo haikufa. Roland Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu wamisionari katika Afrika Mashariki, aliweka uzito mkubwa juu ya wamisionari wenyewe na vyama vyao. Louise Pirouet, aliyeandika mwaka 1978 juu ya wainjilisti Waafrika wa Uganda, alihamisha macho kuelekea kwa wenyeji, na hapa inashikiliwa kwamba Pirouet alikuwa karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo kazi yake inahusu hasa kipindi cha baada ya 1891, wakati wainjilisti wa Kiganda walipotumwa nje ya Buganda, ilhali mtu ambaye bila yeye timu ya 1876 isingekuwa na mlango wa kuingilia alikuwa tayari ikulu kabla timu haijaundwa.

Mtu huyo ni Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kusomeshwa Zanzibar katika shule ya Universities' Mission to Central Africa (UMCA), misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza kufuatia wito wa David Livingstone. Alisafiri na Stanley, na Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwacha kijana huyo kwa Muteesa ili amsomee Kabaka Maandiko. Alifanya kazi hiyo kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wa ikulu walikwisha kuizoea kupitia wafanyabiashara wa pwani, ambao pia walikuwa wameingiza Uislamu na desturi ya kusoma na kuandika. Smith na Wilson walipokuwa Ukerewe mwaka 1877, barua za Kabaka za kuwahimiza wafike zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa Maftaa. Timu kutoka ng'ambo ilialikwa, ikatafsiriwa maneno yake na kuingizwa ikulu na kijana aliyeachwa huko peke yake, bila chama cha kumlipa na bila cheo.

Njia iliyomfikisha Maftaa hapo nayo inatokana na timu iliyoshindwa. Msafara wa kwanza wa UMCA, chini ya Askofu Charles Mackenzie, ulipiga kambi Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861. Ulifika bila mwenyeji ambaye angeweza kuueleza kwa jirani zake, ukajiingiza katika vita kati ya Wayao na Wamang'anja, na Mackenzie akafariki Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, na huko Edward Steere alijifunza Kiswahili kwa wasemaji wa Unguja na kuchapa sehemu za Maandiko. Wanahistoria wa misheni hiyo wameliona tukio la Magomero kuwa msiba uliofuatwa na subira, na hilo ni kweli. Ila matunda ya subira hiyo hayakuishia katika dayosisi ya UMCA, kwa kuwa shule ya Zanzibar ndiyo iliyowapa wamisionari wa chama kingine mtu waliyemhitaji Buganda.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote, hata hivyo, unatoka kwa Wakatoliki. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, walifika Buganda Februari 1879, na mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba wanaotaka ubatizo wapitie ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho na majaribio, cha miaka minne. Agizo hilo lilitegemea dhana kwamba imani hukomaa kwa kukaa muda mrefu chini ya uangalizi wa padre. Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hofu ya usalama wao, wakahamia Bukumbi kusini mwa ziwa, na hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu jumuiya changa ilikaa bila padre, bila misa na bila msaada kutoka nje. Kwa mantiki ya wanaopima kwa muda wa mgeni, ingepaswa kufifia.

Mapadre waliporejea walikuta jumuiya imeongezeka. Andrea Kaggwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, waliobatizwa wote wawili tarehe 30 Aprili 1882, miezi michache tu kabla ya mapadre kuondoka, walikuwa wamewafundisha wenzao, mmoja nyumbani kwake na mwingine miongoni mwa vijana watumishi wa ikulu. Huko Mityana, Mathiya Mulumba alikuwa ameikusanya jumuiya nyingine. Waliwahudumia wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa mahututi. Hiki ndicho kipindi kinachostahili kusomwa kama jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: kigezo kimoja, yaani mgeni, kiliondolewa, na kazi ikaendelea, pengine kwa kasi iliyozidi ile ya awali. Mateso yalipokuja, walimu hawa wenyewe walikuwa miongoni mwa Wakatoliki wa kwanza kuuawa: Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885, na Kaggwa na Mulumba Mei 1886, siku chache kabla ya waumini wengine kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Imani iliyowafikisha mbele ya mnyongaji bila kuikana haiwezi kuelezwa kuwa ya kuazima, na anayeisoma habari yao kama kiambatisho cha historia ya mapadre anawadhulumu.

Jambo moja hapa linahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu linarekebisha hoja ya makala hii badala ya kuipamba. Kaggwa alikuwa mateka kutoka Bunyoro, Mulumba alizaliwa Busoga na kuletwa Buganda akiwa mateka, na Maftaa alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mwenyeji anayezungumziwa, kwa hiyo, si lazima awe mzaliwa wa mahali hapo. Ni mtu aliyekwisha kupita mpaka, akajifunza lugha na adabu za wasio wake, akapata nafasi kati yao na akabaki. Wanaowasifu wenyeji kana kwamba ni kundi moja lenye hekima ya asili hulipuuza hilo, na matokeo yake ni kwamba timu za leo mara nyingi hupokewa na kiongozi mwenye cheo, ilhali anayefahamu jinsi ya kusimama kati ya pande mbili ni mkalimani, muuguzi wa zahanati au mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye jina lake halimo katika ratiba ya ziara.

Itapingwa kwamba Mackay hakuondoka Afrika tangu 1876 hadi kifo chake Februari 1890, na kwamba bila karakana na mashine yake ya kuchapa wasomaji wa Buganda, kama wanafunzi wa dini walivyoitwa, wasingekuwa na kitu cha kusoma. Mchango huo haukanushiki. Lakini Mackay aliondoka Buganda Julai 1887 na kuhamia Usambiro, na Waprotestanti na Wakatoliki walipofukuzwa katika mapinduzi ya Oktoba 1888, ni Waganda wenyewe waliojipanga uhamishoni Kabula, mpakani mwa Ankole, na kurudi wakiwa na uwezo wa kumrejesha madarakani Mwanga, Kabaka aliyemrithi Muteesa. Walirudi kwa bunduki, na uchungu wa vita vile vya dini haufai kufichwa na mtu anayetaka kuwasifu. Kinachothibitishwa hapa ni uwezo wao wa kuendelea bila mgeni, si usafi wa kila walilofanya. Pingamizi la pili, kwamba Buganda ilikuwa na ikulu, vijana waliokusanyika mahali pamoja na hamu ya kusoma ambayo jamii nyingine hazikuwa nayo, ni zito zaidi, na linapunguza upana wa hoja hii. Halirudishi, hata hivyo, hoja ya muda: linaonyesha tu kwamba masharti ya upokezi hutofautiana, na kwamba yanapaswa kuchunguzwa kabla tiketi hazijakatwa.

Ni katika mwanga huu ambapo pendekezo la John Gatu linapaswa kusomwa upya. Mwaka 1971, akizungumza Milwaukee, Marekani, Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alitaka wamisionari wa kigeni waondolewe kwa kipindi kisichopungua miaka 5, na mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaliunga mkono wazo la usitishaji. Wakosoaji wake walilipokea kama ishara ya hasira au ya utaifa, na wengi waliuliza kazi ya nani ingekwama. Lakini Gatu alikuwa akipendekeza kwa makusudi kile ambacho Wakatoliki wa Buganda walikipitia kwa bahati kati ya 1882 na 1885, na kwa kuwa makanisa hayakulitekeleza pendekezo hilo kwa ukamilifu, takwimu zake hazipo. Dayosisi zinazopokea timu za kigeni bado zinaweza kuzipata kwa sehemu, kwa kuweka kumbukumbu za miezi ambayo hakuna timu iliyofika: nani alifundisha, nani aliwatembelea wagonjwa, nani alilipwa na nani hakulipwa, na ni kazi ipi kati ya hizo ambayo timu ifuatayo iliikuta ikiendelea lakini, iliporejea kwao, ikaiandika katika taarifa kuwa ni yake.