Kutoka Baiskeli hadi Pikipiki: Historia ya Kuziba Pancha Omugo

Ufundi wa kuziba pancha za pikipiki katika Omugo, mji mdogo wa wilaya ya Terego ulio kaskazini ya Arua katika eneo la West Nile nchini Uganda, ni mkongwe kuliko pikipiki zenyewe. Fundi anayekaa kivulini kando ya barabara, mbele yake beseni la maji, kipande cha msasa, kopo la gundi na pampu, amerithi karibu vifaa vyake vyote kutoka kwa fundi wa baiskeli, na fundi wa baiskeli naye alivipokea kutoka katika biashara ya mpira iliyokua Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Pikipiki ilipofika ilikuta kazi tayari ina wenyewe.

Mpira wa asili, utomvu wa miti uliogandishwa, huwa laini na kunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliopashwa moto pamoja na salfa hubaki imara na wenye kunyumbuka katika hali zote mbili. Ugunduzi huo ndio uliomwezesha John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, kutengeneza mwaka 1888 tairi la baiskeli lililojazwa upepo, na mahitaji ya mpira yakapanda kwa kasi, hata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akautafuta katika misitu ya Kongo kwa ukatili uliolaaniwa duniani kote. Mfalme huyohuyo, kwa mkataba wa mwaka 1894, alikodishiwa na Waingereza eneo la Lado, ambalo ndani yake ilikuwamo nchi inayoitwa leo West Nile. Utajiri uliotafutwa Lado, hata hivyo, ulikuwa hasa pembe za ndovu, na itakuwa kosa kuhamishia Terego mambo yaliyotendeka katika misitu ya mbali upande wa magharibi. Leopold alifariki mwaka 1909, Lado ikaingizwa Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa chini ya Uganda, Arua ikawa makao ya utawala.

Tairi la kwanza la Dunlop halikuwa kitu cha kutengenezwa njiani, kwa kuwa lilishikamana na rimu, yaani duara la chuma au mti linalobeba tairi, kwa gundi na vitambaa. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi la namna hiyo katika kiwanda cha ndugu Michelin mjini Clermont-Ferrand, na kazi ya kulibandua, kuliziba na kungoja gundi ikauke ilipita hadi siku ya pili. Kutokana na usumbufu huo ndugu hao walibuni tairi la kuvuliwa, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nalo mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, safari ya kilomita 1,200 hivi. Tangu hapo tyubu, yaani mpira wa ndani unaohifadhi upepo, iliweza kutolewa, kuzibwa na kurudishwa na mtu mwenye vyuma viwili bapa na subira kidogo. Fundi wa pancha, popote alipo duniani, ni zao la mabadiliko hayo kuliko la ugunduzi wa Dunlop mwenyewe.

Baiskeli ilienea West Nile katika enzi ya ukoloni, wakati kodi ya kichwa ilipowalazimu vijana wengi wa Kilugbara na Kialur kwenda kusini kufanya kazi za mkataba, hasa katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na waliobaki nyumbani walipata fedha kwa kilimo cha tumbaku na pamba. Katika Uganda ya wakati huo baiskeli ilihesabiwa miongoni mwa mali za kwanza ambazo mwenye fedha alitaka kununua, na katika nchi yenye magari machache ndiyo iliyobeba magunia ya muhogo, mitungi ya maji, wagonjwa na wageni wa harusi. Njia zake zilikuwa za murramu, yaani udongo mwekundu wenye kokoto ambao hushindiliwa kuwa barabara na ambao mvua huuchimba mashimo, na kando ya njia hizo miba ilikuwa mingi. Palipokuwa na soko palihitajika mtu wa kuziba.

Pigo kubwa kwa ufundi huu lilitokea baada ya Agosti 1972, Rais Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka Koboko katika West Nile, alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na biashara ya vipuri iliyokuwa mikononi mwao kwa sehemu kubwa ikaporomoka. Bidhaa zikawa za magendo, yaani zilipatikana kwa njia za panya na kwa bei ya kuruka, jambo ambalo kwa West Nile, inayopakana na Kongo, wakati huo Zaire, na Sudan Kusini, wakati huo sehemu ya Sudan, halikuwa geni. Baada ya utawala wa Amin kuangushwa mwaka 1979 sehemu kubwa ya watu wa eneo hilo walikimbilia katika nchi hizo mbili, wakarejea kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Uhaba wa namna hii ndio hufanya tyubu moja ibebe kiraka juu ya kiraka, na tyubu iliyokwisha kabisa ikatwe vipande vya kuzibia nyingine au kamba za kufungia mizigo, huku tairi lililochakaa likigeuzwa kandambili ambazo Waganda huziita lugabire. Penye uhaba wa gundi, mafundi wa nchi nyingi za Afrika walitumia kiraka cha moto: mpira mbichi ulibanwa juu ya tundu kwa jeki ndogo, pistoni kuukuu ya injini ikawekwa juu yake, ikatiwa petroli kidogo na kuwashwa, na joto likaunganisha mpira na mpira kwa kanuni ileile ya Goodyear.

Usafiri wa bodaboda ulianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Busia, baina ya Kenya na Uganda, na pikipiki zikashika nafasi hiyo tangu miaka ya 1990. Katika West Nile zilienea Bajaj Boxer zilizoundwa India na pikipiki za Kichina kama Senke. Magurudumu ya nyingi kati ya hizo ni ya spoki, nyaya za chuma zinazounganisha rimu na kitovu cha gurudumu, na kwa kuwa rimu hutobolewa matundu ya spoki haiwezi kuzuia upepo yenyewe. Kwa sababu hiyo pikipiki ya bodaboda, kama baiskeli, ilibaki na tyubu, na maarifa ya fundi yakabaki na thamani.

Tofauti ilikuwa katika uzito. Gurudumu la nyuma hubeba abiria wawili au watatu, au gunia na mbuzi, na ndilo lililofungwa mnyororo na breki, hivyo kulitoa ni kazi ndefu ambayo fundi mzoefu huiepuka. Husimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, hulegeza nati ya vali, huingiza vyuma bapa na kung'oa ukingo mmoja tu wa tairi, kisha huvuta tyubu nje bila kuondoa gurudumu. Tyubu hujazwa upepo na kupitishwa ndani ya maji ili mapovu yaonyeshe tundu. Pasipo na maji, fundi huisogeza karibu na shavu au midomo, ambayo huhisi upepo ambao sikio halisikii. Tundu likipatikana, mahali pake husuguliwa kwa msasa, hupakwa gundi, na hapo ndipo haraka ya mteja na ujuzi wa fundi hugongana, kwa maana gundi hiyo ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi, na kiraka kilichobandikwa kabla kimiminika hicho hakijakwisha hewani hubanduka safari ileile. Kabla ya kurudisha tyubu fundi hupapasa ndani ya tairi kutafuta mwiba au msumari uliobaki. Anayeruka hatua hiyo, ambayo haigharimu kitu, hastahili kuitwa fundi, ingawa wapo waliotuhumiwa kuiruka kwa makusudi ili mteja arudi.

Omugo yenyewe ilivutia wasafiri kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kati ya 1995 na 2002 kituo chake cha afya kilikuwa kitovu cha mradi wa Madaktari Wasio na Mipaka wa kutibu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na mwaka 2017 sehemu mpya ya makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp ilifunguliwa huko kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Mahali penye zahanati, vituo vya mgao na masoko yaliyotawanyika huhitaji pikipiki, nazo huhitaji mafundi. Barabara kuu kutoka Arua kupitia Koboko hadi mpaka wa Oraba ilitiwa lami katika muongo wa 2010, lakini njia za kuingia vijijini Terego zilibaki za murramu.

Matairi yasiyo na tyubu, ambayo huzibwa kwa kuchomeka uzi wa mpira kutoka nje, yanaingia taratibu pamoja na pikipiki za rimu za kumimina, na yatakapoenea sehemu kubwa ya ujuzi ulioelezwa hapa haitahitajika. Vitabu kuhusu West Nile vimeandika mengi juu ya dini, majeshi na wakimbizi, na machache mno juu ya mafundi wa barabarani. Wanafunzi wa historia wa Arua na Koboko wangefanya vyema kuwahoji mafundi wazee wa baiskeli wa Terego, kwa majina ya vifaa vyao na masoko walikovinunua, wakati wangali hai.