Waliotangulizwa

Wengi wetu tuliolelewa na kandanda huiona kriketi kuwa mchezo wa kuleta usingizi. Ni kweli kwamba mwaka 1975 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilichanga wachezaji wakaunda timu moja ya Afrika Mashariki, ikaenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Ikafungwa mechi zote tatu, na habari ile haikuwakosesha watu wetu chakula. Lakini mtu aliyewahi kuongoza wenzake ataona kwamba mchezo huu una jambo zito ambalo kandanda haina, nalo ni foleni.

Wapigaji huingia uwanjani wawili wawili. Mmoja akitolewa, anaingia wa tatu, kisha wa nne, mpaka kumi watolewe. Na nahodha ndiye apangaye nani atangulie. Kwa desturi huanza watu wavumilivu, kwa kuwa mpira mpya ni mgumu na una kasi. Mabingwa wa kukusanya mikimbio huja nafasi ya tatu hadi ya tano. Mkiani hukaa warushaji, ambao gongo mikononi mwao ni kama jembe mikononi mwa karani.

Mtu aliyeipindua foleni hiyo ni Don Bradman wa Australia, mpigaji hodari kuliko wote waliopata kutokea. Msimu wa 1936/37 ndio aliokabidhiwa unahodha wa taifa, nao ulianza vibaya. Uingereza iliwafunga Brisbane, ikawafunga tena Sydney. Mara zote mbili mvua ilikuwa na mkono wake. Siku zile ukanda wa nyasi wa katikati, mahali mpira unapodundia, haukufunikwa mechi ikishaanza. Ukinyeshewa kisha ukapigwa na jua, mpira huruka kama panzi; hujui utakugonga kidevuni au utapita chini ya gongo. Katika hali hiyo Australia ilitolewa kwa mikimbio 58 tu Brisbane, na 80 Sydney. Mechi zilikuwa tano. Kufungwa ya tatu kulikuwa sawa na kupoteza msimu wote.

Mechi ya tatu ilianza Melbourne tarehe 1 Januari 1937. Kesho yake, Jumamosi, mvua ikiwa imeshaharibu ukanda, Bradman aliifunga zamu ya timu yake kwa hiari, mikimbio 200 ikiwa imepatikana na wapigaji tisa wametolewa, ili Waingereza ndio wauonje ukanda ule. Waliuonja. Tisa wao walitolewa kwa mikimbio 76. Hapo nahodha wao, Gubby Allen, naye akafunga zamu ili awarudishe Waaustralia kwenye matope kabla ya jioni. Wengi walimlaumu baadaye kwamba alikawia.

Sasa Bradman alikuwa na muda mfupi wa kuuvuka kabla ya giza, na kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko. Ukanda ungepata nafasi ya kukauka. Desturi inamruhusu nahodha kumtanguliza mchezaji mmoja wa mkiani awe mlinzi wa usiku. Bradman aliupeleka mkia wenyewe. Walioanza walikuwa Bill O'Reilly, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule na mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, na Chuck Fleetwood-Smith, ambaye kwa gongo alikuwa kichekesho cha timu. Inasimuliwa kwamba Fleetwood-Smith alipouliza sababu, alijibiwa kuwa katika ukanda ule hatolewi ila anayeugusa mpira, na yeye hata kwenye ukanda mzuri haugusi.

O'Reilly alitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa. Akaingia Frank Ward, mrushaji mwingine. Yeye na Fleetwood-Smith wakaifikisha jioni.

Jumatatu ukanda ulikuwa umeanza kutulia. Jack Fingleton, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akifungua, aliingia wa sita; Bradman wa saba, watano wakiwa wameshatolewa kwa mikimbio 97. Wawili hao waliongeza 346, rekodi ya nafasi hiyo ambayo haikuvunjwa mpaka mwaka 2009. Fingleton alipata 136, Bradman 270, na Australia ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 365.

Nimewahi kusikia hila hii ikisifiwa tu, nami siwezi kuisifu tu. Kila Januari mkuu wa shule hugawa madarasa, na mazoea yetu mabaya ni kumpa mwalimu mgeni, aliyetoka chuoni juzi, darasa la kwanza lenye watoto hata mia, huku wale mahiri wakitunzwa kwa ajili ya darasa la mtihani. Mwaka ukiisha, sifa huandikwa kwa wa mwisho. Tofauti ninayoiona Melbourne ni kwamba Bradman hakuwadai wale watu mikimbio. Aliwadai muda, kitu ambacho hata mpigaji mbovu aliweza kutoa. Tena hakuificha sababu, ijapokuwa jibu lenyewe lilikuwa chungu. Hata hivyo kinachosomwa kwenye kitabu cha hesabu ni mikimbio. Kwa Fleetwood-Smith na O'Reilly kimeandika sifuri.

Msimu huohuo wote wawili walikuwa miongoni mwa wachezaji wanne walioitwa mbele ya bodi ya kriketi, kukiwa na minong'ono kwamba hawamuungi mkono nahodha wao. Mechi ya nne ikachezwa Adelaide. Bradman alipata mikimbio 212, lakini asubuhi ya siku ya mwisho tumaini la Uingereza lilikuwa Wally Hammond, naye alikuwa bado yumo. Fleetwood-Smith alimwangusha mapema asubuhi ile, na kwa jumla akatoa wapigaji kumi katika mechi hiyo. Australia ikashinda, ikashinda na ya tano, 3 kwa 2. Hakuna timu nyingine iliyopata kupoteza mbili za kwanza ikachukua msururu wa mechi tano.

Bradman alipewa cheo cha heshima na Mfalme wa Uingereza mwaka 1949. Fleetwood-Smith aliangukia pombe, na mwaka 1969 alikamatwa kwa uzururaji huko Melbourne. Alifariki mwaka 1971.