Nyota Kibete Nyeupe: Kipimo Kilitangulia Jina

Mtu aliyesimama mjini Arusha katikati ya Februari, kati ya saa tatu na saa nne za usiku, akiupa mgongo Mlima Meru, huiona karibu na utosi nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Waarabu huiita Shira, na wataalamu wa Ulaya huiita Sirius. Umbali wake ni miaka ya nuru 8.6. Kandoni mwake ipo nyota ya pili, isiyoonekana kwa macho matupu, iitwayo Sirius B. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi historia ya nyota hiyo inavyomfaa mfasiri.

Mwaka 1844 Bessel, mtaalamu wa Kijerumani, alitangaza kwamba mwendo wa Sirius unayumba, kana kwamba yavutwa na kitu kilichofichika. Tarehe 31 Januari 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani, akiijaribu lenzi mpya ya darubini, alikiona kitu hicho. Mwaka 1915 Walter Adams aliuchunguza mwanga wake akatambua kuwa ni nyota yenye joto kali mno. Nyota yenye joto kali na mng'ao hafifu haina budi kuwa ndogo. Mwaka 1922 Willem Luyten alilipa kundi la nyota za aina hii jina la Kiingereza tunalolifasiri kuwa "nyota kibete nyeupe".

Hata hivyo, udogo huo ni wa umbo tu. Vipimo vya sasa vyaonyesha kuwa Sirius B ni ndogo kuliko Dunia, lakini tungamo lake lazidi kidogo lile la Jua. Sentimeta moja ya ujazo wake ina wastani wa zaidi ya tani mbili.

Hapa mwalimu hana budi kutenganisha "uzito" na "tungamo". Kilo ya sukari ikipandishwa kutoka Arusha hadi kilele cha Meru, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari, uzito wake hupungua kidogo sana, tungamo halibadiliki. Juu ya Sirius B uzito huo ungeongezeka zaidi ya mara laki nne, na tungamo lingebaki lile lile.

Aidha, neno "nyota" lisiachwe. Tukisema "kibete cheupe", msikilizaji atamdhania mtu. Tukisema "nyota kibete nyeupe", sifa yafuata nyota, na maana yasimama. Wala "nyeupe" isichukuliwe kuwa rangi ya kila moja, kwani nyota hizi hupoa na kubadilika rangi, hali jina la kundi labaki.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi hii iandamane na fasili yake: masalio ya nyota iliyokwisha kuchoma fueli ya kiini chake, yenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia na tungamo la kadiri ya nyota. Bila fasili hiyo, mwanafunzi atakariri neno, naye atadhani kwamba kibete ni chepesi.