Njaa Ina Jina, Hasara Ina Karatasi

Ukambani, njaa hupewa majina kama watoto. Kuna yua ya mianga, njaa ya unga wa muhogo, ya miaka ya 1942 na 1943. Kuna yua ya ndeke ya 1961, wakati ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, ndege zikalazimika kudondosha chakula. Halafu kuna nikw'a ngwete ya 1984: nakufa nikiwa nazo. Yaani pesa ziko mkononi lakini hakuna cha kununua. Nyanya yangu kule Kitui hahesabu miaka kwa tarakimu. Mwulize mjomba alizaliwa lini, atakujibu kwa njaa.

Sikiliza vizuri majina hayo. Mianga ni kile watu walichopata kula. Ndeke ni jinsi chakula kilivyofika. Mkulima aliikumbuka serikali kwa gunia, na gunia huja ukiwa umeshapoteza kila kitu.

Lakini miaka hiyo ya mianga ina upande mwingine ambao haukupewa jina. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na historia nyingi nimeisoma peke yangu, bila mtihani. Hii ndiyo imenikaa rohoni zaidi.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza mazao. Ndani yake mlikuwa na mpango wa kumhakikishia mlowezi aliyepanda mahindi au ngano kiwango fulani cha pesa kwa kila ekari. Mazao yakiharibika bila kosa lake, analipwa. Kwa lugha ya mtaani: wewe panda tu, hata mvua ikigoma hutatoka mikono mitupu. Dhamana hiyo iliwekwa mapema, kwa maandishi, na angeweza kuitumia kupata mkopo.

Na Mwafrika? Mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya chini kuliko ya mlowezi. Mwaka huohuo serikali iliruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Hasara ya mmoja ilikuwa deni la serikali. Hasara ya mwingine ilikuwa huruma ya serikali, ikipatikana.

Ungedhani Uhuru ulifuta hayo. Mpango uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, ukiwafaidi wenye mashamba makubwa, safari hii wakiwemo Waafrika. Ngozi ilibadilika, ekari zikabaki. Mwenye kashamba kadogo Ukambani aliendelea kusubiri gunia, na mwaka 1984 akala mahindi ya manjano kutoka ng'ambo.

Wazo la dhamana lilikuja kumfikia mtu asiye na hati ya shamba kupitia kaskazini, kwa wafugaji. Marsabit ilianza mwaka 2010 kujaribu bima ya mifugo inayotumia setilaiti: malisho yakipungua kupita kiwango fulani, mfugaji analipwa, bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali iliingia, ikaanza Turkana na Wajir, ikiwalipia wafugaji maskini bima ya mifugo sawa na ng'ombe watano kila kaya. Mbuzi kumi huhesabiwa kama ng'ombe mmoja.

Ina kasoro. Setilaiti hupima eneo zima, kwa hiyo kwako kunaweza kukauka huku wastani ukisema mko sawa. Na ng'ombe watano si zizi. Lakini pesa zinaweza kufika mnyama angali hai, ukamnunulia nyasi na maji, na hukuzipata kwa kumlilia chifu. Zilikuwa zako kabla ya mvua kukosa.

Ukame mwingine utakuja, na tutaonyeshwa tena picha za viongozi wakikabidhi magunia. Usihesabu magunia peke yake. Uliza ni nani aliyeahidiwa kitu kwa maandishi, na ana ekari ngapi.