Tarehe ya Mwambao wa Gisenyi: Kazi, Mpaka na Starehe kando ya Ziwa Kivu

Rwanda haipakani na bahari, na shehena inayoshushwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara kabla ya kufika Kigali. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huishia Masaka, umurenge wa wilaya ya Kicukiro ulioko mashariki ya jiji, umurenge ukiwa ni ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Hapo ndipo ilipojengwa bandari kavu ya kampuni ya DP World, iliyozinduliwa mwaka 2019, yaani kituo cha bara ambako makontena hupokewa, hukaguliwa na forodha na kuhifadhiwa kabla ya bidhaa kugawanywa nchini na ng’ambo ya mpaka wa Kongo. Kwa hiyo mkazi wa Masaka huletewa bahari ndani ya makontena, lakini akitaka ufukwe wa kupunga upepo hana budi kuvuka Kigali yote, kupanda basi katika kituo cha Nyabugogo na kwenda kilomita zipatazo 155 kuelekea kaskazini-magharibi, kupitia Musanze, mpaka Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu. Mji huo ndio uliowapatia Wanyarwanda mwambao wao. Tarehe yake yaonyesha kwamba starehe ya ufukweni haikuletwa na uzuri wa maji peke yake, kwani kila kizazi kimestarehe kwa kadiri mpaka na kazi ya watu wake vilivyoruhusu.

Mahali na maji yake

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hukaribia mita 480. Kaskazini yake imesimama safu ya volkeno za Virunga, na miongoni mwazo Nyiragongo, ulioko upande wa Kongo, huonekana Gisenyi usiku ukimulika mawingu kwa wekundu pindi lava inapojaa katika kreta yake. Volkeno hizo ndizo zilizoliumba ziwa kwa kuziba mabonde ambayo zamani yalitiririsha maji kuelekea kaskazini, na leo maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Katika vilindi vyake mmeyeyuka gesi nyingi, zipatazo kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, ambazo hushikiliwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mwogeleaji wa ufukweni hadhuriwi nazo. Hata hivyo wakazi wa eneo la Goma huyajua mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini na kutuama mabondeni, nayo huua watu na mifugo bila harufu wala moshi.

Bugoyi kabla ya mpaka

Kabla ya kuwapo mji, nchi hii iliitwa Bugoyi, na wenyeji wake walisifika kwa kilimo cha ardhi ya volkeno na kwa biashara. Katika karne ya 19 mazao ya chakula na mifugo kutoka mashariki ya ziwa yalibadilishwa kwa butega, yaani bangili za nyuzi za mimea zilizosukwa na watu wa magharibi yake, ambazo zilivaliwa miguuni na papo hapo zikafanya kazi ya fedha. Watu wa pande mbili waliliendea ziwa kwa sababu moja, nayo ni riziki, na mitumbwi ilivuka kati ya nchi kavu na kisiwa cha Ijwi pasipo mtu kuulizwa hati.

Mwaka 1894 msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ulioanzia Pangani ukiwa na wapagazi na askari wa pwani, ulipita katika nchi ya Mwami, yaani mfalme, Kigeri IV Rwabugiri ukafika Kivu. Pamoja na msafara huo, na mingine iliyoufuata, Kiswahili kiliingia Bugoyi kutoka mashariki, wakati Kiswahili cha Kongo, kilichojulikana kama Kingwana, kilikuwa kikishuka kutoka magharibi. Mikondo hiyo miwili ilikutana kando ya ziwa, na hadi leo usemi wa sokoni Gisenyi una chembe za yote miwili.

Kituo cha ulinzi

Kuwasili kwa Wazungu kuligeuza mwambao kuwa mahali pa kulindwa. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Gisenyi, ambako walikuandika Kissenji, huku watumishi wa Mfalme Leopold, na baadaye serikali ya Ubelgiji, wakijiimarisha Goma, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo. Baada ya miaka ya mabishano juu ya nani amiliki ziwa, mkataba uliofikiwa Brussels mwaka 1910 uliwapa Wajerumani ukingo wa mashariki na kuwaachia Wabelgiji kisiwa cha Ijwi. Hivyo mstari uliochorwa Ulaya ukapita katikati ya mashamba na koo, na ndugu wa jana wakawa raia wa tawala mbili. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, ziwa likawa uwanja wa mapigano: Wajerumani waliiteka Ijwi mwaka 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka mpaka na kuitwaa Rwanda yote. Katika kipindi hicho chote hapana aliyeuita ufukwe mahali pa kupumzika, kwa maana waliokuwa hapo walikuwa askari, wapagazi na wavuvi.

Mapumziko ya wachache

Sura mpya ilianza chini ya utawala wa Ubelgiji. Serikali haikuhitaji tena kuulinda mwambao dhidi ya jirani, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja, na Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo ni Virunga, ilivuta wageni kwenye volkeno na nyani wakubwa. Walowezi na maofisa waliochoshwa na joto la bonde la Kongo walijenga nyumba za kifahari kando ya maji na kupanda mitende kandokando ya barabara ya ufukweni, nazo hoteli zikafuata. Waafrika walikuwapo katika starehe hiyo kama wapishi, madobi, watunza bustani na wapiga makasia, kwa kuwa mji wa kikoloni uliwatengea makazi yao mbali na maji.

Mambo mawili ya mwisho wa ukoloni yaliacha alama kubwa kuliko hoteli. La kwanza ni kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa Gisenyi mwaka 1957, ambacho tangu miaka ya 1960 kilichemshia bia yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya ziwa kwenye rasi ya Rubona. La pili ni samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Samaki hao, wanaoitwa sambaza, walizaana kwa kasi na kuanzisha uvuvi ambao haukuwapo.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, nyumba za ufukweni zilipata wamiliki wapya kutoka miongoni mwa viongozi na matajiri, na Gisenyi, kwa kuwa mkoa wake ndio alikozaliwa Rais Juvénal Habyarimana, ikapata uzito wa kisiasa. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha hapo Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambayo makao yake makuu yaliwekwa katika mji huo. Vibali vya safari vilivyotolewa chini ya jumuiya hiyo vilirahisisha kuvuka kwenda Goma kununua vitambaa na kusikiliza bendi za rumba, kisha kurudi.

Mwaka 1994 na baada yake

Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 1994, Gisenyi ulikuwa miongoni mwa miji ambako mauaji yalianza mapema. Makaburi ya mji yaligeuzwa mahali pa kuulia watu, na leo pana ukumbusho unaojulikana kwa jina la Commune Rouge. Julai mwaka huo serikali iliyoendesha mauaji ilikimbilia Gisenyi, na katika siku chache mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Goma, ambako kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Uasi wa miaka ya 1997 na 1998 uliufunga tena mkoa wa kaskazini-magharibi, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyekwenda mwambaoni kustarehe.

Amani iliporudi, utawala ulipangwa upya mwaka 2006 na wilaya ya Rubavu ikaundwa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Gisenyi haikuingojea sheria hiyo, kwa kuwa mpakani bei hutajwa kwa Kiswahili siku zote.

Maisha ya siku hizi

Siku ya mwambao huanza pale wavuvi wanaporudi. Jioni iliyotangulia wameondoka katika mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, ambayo pia hubeba nyavu, wakipiga makasia kwa kufuata wimbo wa pamoja. Usiku usio na mbalamwezi huwasha taa juu ya maji, na sambaza huufuata mwanga hadi wavuni. Alfajiri akina mama huwapokea samaki, wakawapima na kuwaanika, au wakawauza wakiwa wabichi. Kila mwaka serikali husimamisha uvuvi huu kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane, na katika majuma hayo mji huhesabu hasara yake kwenye sahani za wageni. Sambaza wa kukaanga, wenye ndimu na matone ya pilipili ya Akabanga, ndicho kitoweo cha kwanza anachokiagiza msafiri wa Kigali, ambaye hukila pamoja na mizuzu, yaani ndizi za kukaanga, au burusheti, jina la Rwanda la mishikaki.

Wasafiri hao hufika zaidi mwishoni mwa juma, isipokuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambapo asubuhi ni ya umuganda, yaani kazi za pamoja za kusafisha na kujenga mtaa, na safari hungoja ziishe. Wenye uwezo hulala katika hoteli za ufukweni. Familia za kawaida na vijana huenda ufuo wa wazi, huogelea, hucheza mpira na kupiga picha. Wengine huteremka hadi Nyamyumba, karibu na kiwanda cha bia, kukanda miguu katika chemchemi za maji ya moto. Wapenda soka huenda uwanja wa Umuganda, uliokuwa mmoja wa viwanja vya mashindano ya CHAN mwaka 2016 na ambao ni nyumba ya timu za Etincelles na Marine. Kuanzia mwaka 2011 njia ya Kongo-Nile, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, imewaongeza watembeaji na waendesha baiskeli, ambao fedha zao hufika hata katika vijiji visivyo na hoteli.

Mpaka kama saa ya mji

Starehe hii yote hutegemea vizuizi viwili vya mpaka. Kimoja, kilicho karibu na maji, hutumiwa zaidi na magari, na kingine, kinachoitwa Petite Barrière, hupitwa kila siku na maelfu ya watu wa miguu, wengi wao wanawake wanaopeleka Goma mboga, nyanya, mayai na maziwa. Miongoni mwao wamo watu wenye ulemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Kwa upande mwingine, Wakongo wengi hupanga nyumba Gisenyi na kwenda Goma kazini, kisha jioni hurudi na fedha zinazoendesha mabaa na maduka.

Mpaka ukifungwa, mapato hayo hukatika. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na Gisenyi ikapokea wakimbizi; ilipolipuka tena Mei 2021 matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za Rubavu. Katikati ya matukio hayo, Machi 2020, mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi mpakani, Kongo ilianza kufunga upande wake saa tisa alasiri, na mfanyabiashara aliyezoea kuvuka mara mbili kwa siku akalazimika kuchagua safari moja. Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi wa Kongo la M23 walipouteka Goma, makombora yaliangukia upande wa Rubavu na kuua raia.

Kinachobaki thabiti katikati ya misukosuko hiyo ni haki ya umma juu ya maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliweka ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ambao haulimwi wala haujengwi, na kwa kufanya hivyo iliupa ufuo wa wazi kinga ambayo haukuwa nayo zama za walowezi wala za matajiri waliowarithi. Kwa sababu hiyo mshahara wa juma moja watosha kumpeleka mfanyakazi wa kiwandani Masaka kwenye maji ambayo zamani wapishi na wapiga makasia waliyafikia kwa kazi ya bwana tu. Kadiri mita hizo 50 zitakavyoheshimiwa, na kadiri vizuizi viwili vitakavyobaki wazi, ndivyo mwambao wa Gisenyi utakavyoendelea kuwa wa wote. Vikikosekana, utarudi kuwa wa askari au wa wachache, kama tarehe yake ilivyokwisha kuonyesha mara mbili.